Mwaka na Ushei na Ndoo ya Maganda: Tathmini ya Huduma ya Kukusanya Taka za Jikoni

Kwa mwaka mmoja na miezi minne nimeitumia huduma ya manispaa ya kukusanya taka za jikoni ili zigeuzwe mboji, na katika muda huo pipa langu la taka za kawaida limekuwa jepesi kiasi kwamba nalitoa nje kwa mkono mmoja. Naanza na sifa hiyo kwa kuwa mengi yatakayofuata ni malalamiko, na nisingependa msomaji adhani kwamba nayaandika kwa kuichukia huduma hii. Naipenda, na bado naitumia. Ila inamdai mkazi uangalifu mwingi kuliko huduma nyingine yoyote ya manispaa: atenganishe, achuje maji, afunike, aoshe ndoo, aikumbuke siku ya gari, na baada ya kazi yote hiyo haimrudishii hata neno moja la kumjulisha kama alichofanya kilikuwa sahihi.

Anayejiandikisha hupewa ndoo ndogo ya kuweka jikoni, karatasi ya maelekezo, na ruhusa ya kutumia pipa la kahawia la pamoja lililo nje ya jengo. Ndoo yenyewe ni imara, lakini imezibwa pande zote, na kwangu hilo ndilo kosa la kwanza. Maganda na mabaki ya chakula kwa sehemu kubwa ni maji. Yakifungiwa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, maji hutuama chini, oksijeni huisha, na bakteria wasioihitaji huanza kuvundisha kila kitu kabla ndoo haijafika nusu. Jiji la Milano, nchini Italia, lilipoanza kukusanya taka za jikoni kutoka kwa kaya zake kati ya 2012 na 2014, liligawa ndoo zenye matundu pamoja na mifuko inayopitisha mvuke, hivyo mabaki hupoteza sehemu ya maji yake yakiwa bado jikoni, uvundo hupungua, na gari hubeba mzigo mwepesi zaidi. Ndoo yangu niliitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto, jambo ambalo karatasi ya maelekezo hailitaji wala hailikatazi.

Gari hupita mara moja kwa wiki. Kwa taka kavu ratiba hiyo ingetosha kabisa, lakini taka za jikoni zina kalenda yao, nayo ni kalenda ya nzi. Katika hali ya joto yai la nzi huanguliwa ndani ya siku moja, na buu huweza kumaliza ukuaji wake katika siku chache tu baada ya hapo, hivyo siku saba zinatosha kabisa kuyakuta mabuu yakipanda kingo za pipa siku ya kulitoa. Nilipouliza, nilishauriwa nigandishe mabaki kwenye friji hadi siku ya gari. Ushauri huo unafanya kazi, sikatai, lakini maana yake ni kwamba friji yangu imegeuzwa ghala la manispaa, na wenye friji ndogo au wasio nayo kabisa hawakufikiriwa. Mara mbili kwa wiki katika miezi ya joto lingekuwa jibu la kweli.

Maelekezo nayo yanajipinga. Karatasi niliyopewa inakataza mifupa na nyama, ilhali picha iliyobandikwa kwenye pipa la nje inaonyesha mfupa ukiwa miongoni mwa vinavyokubaliwa. Jirani yangu aliifuata karatasi, mimi nikaifuata picha, na kwa miezi kadhaa kila mmoja wetu alimwona mwenzake kuwa mharibifu. Baadaye nilielewa chanzo cha mkanganyiko. Rundo dogo la mboji la nyumbani halipati joto la kutosha kuua vijidudu vya magonjwa, nalo huita panya, ndiyo maana wenye bustani hukatazana kuweka nyama. Mtambo mkubwa una hali nyingine: kanuni za Marekani, kwa mfano, hutaka mboji ya viwandani ifikie angalau nyuzi joto 55 za Selsiasi kwa siku 3 mfululizo ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, au kwa siku 15 ikiwa katika marundo ya wazi yanayogeuzwa si chini ya mara 5. Katika joto hilo mifupa na nyama si tatizo. Inaelekea mwandishi wa karatasi alinakili ushauri wa bustani za nyumbani, na mchora picha akaufahamu mtambo. Kama sababu ingeandikwa kwa sentensi mbili tu, sisi wakazi tungejiamulia wenyewe juu ya mambo mengi ambayo orodha haiyataji.

Sasa niseme kuhusu mifuko, maana hapo ndipo huduma hii inapopotea hasa. Madukani kuna mifuko yenye maandishi kwamba inaoza na kuwa mboji, na ukurasa mmoja wa manispaa unatuhimiza kuitumia, huku ukurasa mwingine wa manispaa hiyo hiyo ukisema mifuko ya aina yoyote haikubaliwi. Nilidhani ni uzembe wa uandishi. Kumbe nyuma yake kuna mgogoro halisi kati ya waunda mifuko na waendesha mitambo. Kiwango cha Ulaya kinachojulikana kama EN 13432 hutaka bidhaa, baada ya wiki 12 katika mboji, iwe imesambaratika hivi kwamba isiyozidi asilimia 10 ya uzito wake mkavu inabaki juu ya chekeche la milimita 2, na kwamba asilimia 90 yake iwe imeliwa na vijidudu ndani ya miezi 6. Mfuko unaofaulu jaribio hilo ni mkweli kwa jina lake. Lakini mtambo mwingi wa manispaa haukai na malighafi kwa wiki 12 za joto kali. Hukimbizana na magari yanayoleta mzigo mpya kila siku, na mfuko hutoka upande wa pili ukiwa nusu mzima.

Tena, mfanyakazi anayesimama kwenye mkanda wa kuchambulia hana namna ya kuutofautisha mfuko unaooza na mfuko wa plastiki ya kawaida, kwa kuwa rangi ni ile ile na mng'ao ni ule ule, na mzigo unapita mbele yake kwa kasi. Hivyo huvuta yote. Mahali pengine mashine hupasua na kuchomoa kila kilicho kama utando, na pamoja na utando huo hutoka sehemu ya maganda ambayo mkazi aliyatunza wiki nzima. Mwaka 2019 watengenezaji mboji kadhaa wa jimbo la Oregon, nchini Marekani, walitoa tamko la pamoja wakieleza kwa nini hawavitaki vifungashio vya aina hiyo, na miongoni mwa sababu zao ni kwamba haviozi vyote kama inavyodaiwa na kwamba huandamana na plastiki halisi. Milano wao hutumia mifuko inayooza na huifurahia, kwa sababu mfumo wao ulipangwa nayo tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo swali la kama mfuko unafaa halina jibu dukani. Jibu liko mtamboni, na mtambo wetu haujawahi kulitoa. Vikombe vya asidi ya polilaktiki, vile vinavyong'aa kama plastiki na kunadiwa kuwa ni vya mimea, ni vibaya zaidi kwa anayevizika bustanini, maana bila joto la karibu nyuzi 60 vinaweza kulala ardhini miaka. Nimerudi kwenye gazeti la kale: nalikunja, naliweka chini ya ndoo, linanyonya maji, na hakuna mtambo nilioufahamu unaolilalamikia.

Mara tatu pipa letu la pamoja liliachwa likiwa limejaa wakati mapipa ya jengo la jirani yamechukuliwa. Nilipopiga simu mara ya kwanza niliambiwa gari halikupita, ingawa nililiona kwa macho yangu. Mara ya tatu mhudumu mmoja mwungwana alikiri kwamba pipa lilikataliwa kwa kuwa ndani yake palionekana plastiki. Palionekana nini hasa, na ni ya nani? Hilo halikusemwa. Pipa moja linahudumia kaya nyingi, na mfuko mmoja wa mtu mmoja unatosha kulipeleka pipa zima dampo, hata mzigo wa gari zima ukizidi kuchanganyika, bila aliyekosea kujua kwamba amekosea. Katika miji kadhaa ya Marekani wakusanyaji huacha kikaratasi kwenye pipa kueleza kilichokutwa. Korea Kusini, ambako kuzika mabaki ya chakula dampo kulipigwa marufuku mwaka 2005 na malipo kwa kadiri ya kiasi yakaenea kuanzia 2013, majengo mengi yana mapipa yanayofunguliwa kwa kadi na kupima uzito wa kila kaya papo hapo. Mizani, naelewa, haiwezi kujua kama kilichopimwa ni kisafi. Lakini angalau mtu huyo hupata jibu kabla hajageuka kurudi nyumbani, na mimi katika miezi kumi na sita sijapata hata moja.

Kuhusu mtambo wenyewe siwezi kuutathmini kwa kuuona, kwa sababu haufunguliwi kwa wageni, ila upepo ukigeuka huwa tunausikia. Harufu hiyo ina maelezo yasiyo ya ajabu. Vijidudu vya mboji hufanya kazi vizuri pale ambapo kuna takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni, na unyevu wa kati ya asilimia 50 na 60. Taka za jikoni peke yake zina naitrojeni nyingi na maji mengi kupita kiasi hicho, hivyo lazima zichanganywe na vitu vikavu kama majani makavu, matawi yaliyosagwa au maranda, kisha rundo lipate hewa. Manispaa inayofanikiwa kukusanya maganda mengi bila kujipatia vitu vikavu vya kutosha inajitengenezea uvundo kwa mafanikio yake yenyewe. Si jambo dogo: huko Wilmington, katika jimbo la Delaware, mtambo mkubwa uliofunguliwa 2009 ulifungwa 2014 baada ya malalamiko mengi ya wakazi kuhusu harufu, na miji iliyokuwa ikiutegemea ikabaki inatafuta pa kupeleka taka zake.

Huduma yetu haikufungwa, ila ilisimama kwa wiki sita mkandarasi alipobadilishwa, na hatukuarifiwa. Wiki sita zinatosha kuua tabia iliyojengwa kwa mwaka. Jiji la New York lilisimamisha ukusanyaji wa taka za jikoni majumbani mwezi Mei 2020 kwa sababu za bajeti, na ukusanyaji haukufika kila mtaa wa jiji hadi Oktoba 2024. Siwezi kujizuia kufikiri juu ya watu waliokuwa wamekwisha kujifunza na ndoo zao zikageuka za kuhifadhia viatu. Katika jengo letu, kwa kadiri ninavyoona pipa linavyojaa, karibu nusu hawakurudi.

Mara mbili kwa mwaka wakazi huruhusiwa kwenda kuchukua mboji iliyoiva, nami nilichukua gunia. Rangi yake ni nzuri, nyeusi, na inanuka udongo baada ya mvua. Nilipoichekecha nilipata vibandiko vya matunda visivyohesabika, vipande vya plastiki ngumu, na kigae kimoja cha kioo ambacho kingeweza kumkata mtoto. Kabla ya kuitandaza nilifanya jaribio ambalo namshauri kila mwenye bustani alifanye: nilipanda maharagwe katika vikopo vya mboji hiyo na katika vikopo vya udongo wa kawaida, nikangoja wiki tatu. Kuna viuagugu, klopiralidi ikiwa mmojawapo, ambavyo hunyunyiziwa nyasi na huweza kuvumilia joto la mboji bila kuvunjika. Karibu na mwaka 2000 viliharibu mboji ya mji wa Spokane, jimboni Washington, na dalili yake ni majani ya maharagwe au nyanya kujikunja kama vikombe. Yangu yalinyooka vizuri. Hilo nalihesabu kuwa ushindi wa kweli wa huduma hii, na ni haki lisemwe.

Kama ningetakiwa kutoa nyota, ningetoa mbili na nusu kati ya tano, na hiyo nusu ni ya maharagwe. Sijaacha kupeleka ndoo, kwa sababu maganda yale yale yakizikwa dampo pasipo hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Kwa kuwa hakuna aliyetueleza kilichokuwa kikikosewa, niliandika kwa mkono kikaratasi chenye mistari minne kuhusu mifuko, vibandiko, mifupa na vioo, nikakibandika juu ya pipa la pamoja. Kilikaa wiki saba, na katika wiki hizo pipa halikukataliwa hata mara moja. Wiki ya nane nilikikuta kimebanduliwa, na mahali pake pamewekwa kingine, kilichochapwa na kupigwa muhuri wa manispaa, kinachosema kwamba ni marufuku kubandika matangazo binafsi kwenye mali ya umma. Ndiyo maandishi ya kwanza niliyowahi kuachiwa na huduma hii.