Draivu ya flopi au Gotek kwa kompyuta ya zamani?

Mwenye kompyuta ya Amiga 500 au PC ya miaka ya 1990 hufika njia panda hiyo hiyo: atafute flopi, zile diski ndogo za kuhifadhia data, na draivu yake, au afunge Gotek, kile kisanduku kinachosoma flashi huku kompyuta ikidhani ni draivu ya flopi?

Kwa gharama, draivu kuukuu huenda ukaipata bure kwa fundi mwenye rundo la mitambo mibovu. Kazi iko kwenye flopi zenyewe. Sony iliacha kuziuza Japani mwaka 2011, kwa hiyo nyingi zinazoitwa "mpya" ni akiba ya zamani.

Kwa uhakika, Gotek inashinda, tena kwa mbali. Flashi moja hubeba mamia ya diski. Flopi ya kawaida ya PC inaishia MB 1.44. Halafu flopi huota ukungu. Vuta kifuniko cha chuma, zungusha kitovu taratibu, mulika tochi: ukiona madoa meupe, usiitie kwenye draivu, itachafua kichwa kinachosoma diski na kukwangua diski zinazofuata. Kichwa husafishwa kwa pamba na alkoholi ya isopropili. Gotek haina usumbufu huo, ila kwa Amiga lazima kwanza uiwekee programu nyingine ya kuiendesha, kama FlashFloppy.

Lakini Gotek haisomi flopi hata moja. Mwenye barua au kazi za shule kwenye diski anahitaji draivu halisi, na azinakili mapema. Wa michezo tu achukue Gotek, ingawa milio ya draivu ataikosa.