Mafuta ya samaki kwa mwenye presha: geuza kopo usome nyuma

Karibuni sana. Leo nina kopo la mafuta ya samaki hapa mezani, vile vidonge laini vya manjano. Mnaniuliza sana: mama ana presha, nimnunulie haya? Wengine wanaendelea: akishaanza, aache zile za hospitali? Hilo la pili nalijibu kabla hatujaenda mbali. Asiache, jamani. Asiache hata siku moja bila daktari wake kujua.

Haya, tuliangalie kopo. Mbele hapa, ngoja nisogeze mwone vizuri, wameandika kwa herufi kubwa 1000 mg. Huo ni uzito wa mafuta yote ndani ya kidonge kimoja. Yanayotafutwa ni omega-3, yaani mafuta ya namna fulani yaliyomo kwenye samaki, ya aina mbili: EPA na DHA. Sasa geuza. Nyuma, kwa maandishi madogo: EPA 180, DHA 120. Jumla miligramu 300. Zilizobaki 700 ni mafuta mengine tu.

Kwa nini naing'ang'ania hesabu hii? Mwaka 2022, jarida la Shirika la Moyo la Marekani lilitoa uchambuzi wa majaribio 71, yenye watu karibu 5,000. Kiwango kilichoonekana kushusha presha vizuri zaidi ni gramu 2 hadi 3 za EPA na DHA kwa siku. Kwa kopo hili, hivyo ni vidonge 7 hadi 10 kila siku! Kopo la vidonge 60 halifikishi siku 9. Piga hesabu ya mwezi mzima, halafu mwaka.

Na ukishavimeza vyote hivyo? Namba ya juu ya presha inashuka kwa wastani wa 2 au 3 hivi, na kwa mwenye presha tayari inaweza kukaribia 5. Ni nafuu, siikatai. Lakini dawa moja ya presha, kwa dozi yake ya kawaida, hushusha kama 9. Mzee aliyepimwa akakutwa na 160 kwa 100 hatoki kwenye hatari kwa mafuta haya peke yake. Ndiyo maana kwa kazi ya kushusha presha, kopo hili silipendekezi.

Dozi kubwa nayo ina mambo yake. Majaribio ya dozi za juu, kama gramu 4 kwa siku, yameonyesha baadhi ya watu kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, amuulize daktari kwanza. Halafu kuna mafuta ya ini la samaki, ambayo watu huyachanganya na haya. Yale yana vitamini A, kwa hiyo ukiyanywa kwa wingi ukitafuta omega-3, vitamini A inazidi mwilini, na kwa mama mjamzito hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kama umeshanunua, kata kidonge kimoja unuse. Harufu ya samaki kidogo ni kawaida. Ikikupiga harufu kali kama ya mafuta ya kukaangia yaliyokaa muda mrefu, yameharibika, yatupe. Na usinunue kopo lililopangwa juani.

Mimi ile pesa ningeipeleka sokoni. Vibua wana omega-3 nyingi, na dagaa pia wanazo. Wachemshe kwa ndimu au wachome, mara mbili kwa wiki. Ila hapa kwa dagaa kuwa makini. Dagaa wakavu wa pwani mara nyingi huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo waloweke, mwaga yale maji, na ukiwaunga usiongeze chumvi nyingine. Dagaa wa Ziwa Victoria wanaoanikwa juani bila chumvi ni salama zaidi kwa mwenye presha. Ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi, hata kama mama anampenda namna gani, mpunguzie. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo pia ile ya kwenye mkate na supu za pakiti.