Mashine za presha kwenye maduka ya dawa Mtwara na Lindi: angalia mkanda kwanza

Malipo ya korosho yakishaingia, watoto walioko mjini hukumbuka wazazi wao, na siku hizi mashine ya presha haikosi kwenye zawadi zinazopandishwa Newala, Tandahimba au Nachingwea. Ni zawadi nzuri. Kasoro yake ni kwamba mnunuzi huangalia kioo, jina na bei, akakisahau kile kitambaa kinachofungwa mkononi. Mkanda huo ndio unaopima. Kisanduku chenye kioo kinasoma tu kile ambacho mkanda umekiletea.

Haja ya kifaa chenyewe haina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliwakuta karibu watu 26 katika kila 100 wa umri wa miaka 25 hadi 64 wana presha ya juu, na 9 katika kila 100 wana kisukari. Presha haiumi. Mtu anapalilia mikorosho yake, anabeba gunia, anapanda mlima na kushuka, na namba ya juu, ile kubwa kati ya mbili zinazotokea kwenye kioo, imeshapita 170. Mara nyingi wa kwanza kumtangazia ni kiharusi. Kwa hiyo kupima nyumbani kuna maana kubwa, mradi namba inayotoka iwe ya kweli.

Madukani utakuta aina tatu: ya kufunga juu ya kiwiko inayojijaza upepo yenyewe, ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, na ile ya kupampu kwa mkono yenye saa ya mshale. Ya mshale iache. Inahitaji masikio yaliyozoea kusikiliza kwa stetoskopu, na mshale wake huhama kadiri inavyogongwagongwa, hivyo inatakiwa kukaguliwa mara kwa mara. Nyumbani hakuna wa kufanya kazi hiyo.

Ya kifundo inavutia kwa udogo na wepesi wake, na muuzaji ataisifia sana. Tunashauri usiinunue. Mshipa wa pale uko karibu na ngozi na mfupa, na kila safari unayoshusha mkono chini ya usawa wa moyo, namba inapanda: sentimita 10 chini ni takriban 7 za ziada. Mzee anayepima akiwa ameuweka mkono pajani atasomeka mgonjwa kila siku. Tunaikubali kwa mtu mmoja tu, mwenye mkono mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaomtosha juu ya kiwiko, na hata huyo aelekezwe kuinua kifundo hadi kifuani.

Inabaki ya juu ya kiwiko, na hapa ndipo pa kutulia.

Kabla ya kwenda dukani, azima futi ya fundi cherehani. Mwambie atakayeitumia mashine auachie mkono uning'inie. Tafuta katikati ya mfupa wa bega na ncha ya kiwiko, zungusha futi hapo bila kukaza, soma sentimita. Mikanda mingi inayokuja ndani ya boksi ni ya 22 hadi 32. Ukipata 35, boksi hilo si lako hata kama limepunguzwa bei. Omron M2, kwa mfano, kwa kawaida huja na mkanda wa 22 hadi 32, wakati M3 huja na mpana wa 22 hadi 42. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili, kwa maoni yetu, uilipie hiyo sentimita 10 na si vikolombwezo vingine. Familia yenye mama mnene na baba mwembamba watatumia mkanda mmoja mpana bila shida, mradi mikono yote iwe kati ya 22 na 42.

Ukubwa usio sahihi unapotosha kwa pande zote mbili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 uliwapima watu kwa mkanda wa kawaida bila kujali mikono yao. Waliohitaji mkanda mkubwa walisomeka juu kwa takriban 5, na waliohitaji mkubwa zaidi ya huo walisomeka juu kwa karibu 20. Wembamba waliohitaji mdogo walisomeka chini kwa karibu 4. Sasa hesabu mwenyewe: mama mwenye 130 anaonekana ana 150 na kuanzishiwa dawa, na babu mwenye 143 anaonekana ana 139, anaambiwa yuko salama. Mkono wa chini ya sentimita 22, ambao kwa wazee waliokonda ni jambo la kawaida, unahitaji mkanda mdogo, na huo mara nyingi huagizwa peke yake. Uliza kabla ya kulipa kama mkanda wa kampuni hiyo hiyo unapatikana, kwa sababu kifundo cha bomba la kampuni moja hakiingii sawasawa kwenye tundu la nyingine, na hata kikiingia, mashine haikutengenezwa kwa mkanda huo.

Ubora wa mashine yenyewe hauonekani kwa macho. Soma namba ya modeli chini ya kisanduku, kisha itafute kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni, inayoorodhesha mashine zilizopimwa kitaalamu zikafaulu. Angalia modeli, si kampuni tu: kampuni moja huwa na iliyofaulu na isiyopimwa kabisa. Boksi lisilo na namba ya modeli wala jina la mtengenezaji liache mezani. Nunua famasi iliyosajiliwa, dai risiti na karatasi ya garantii yenye tarehe. Kwa mjamzito, hakikisha orodha inasema modeli hiyo imepimwa kwa wajawazito, na bado asiache kliniki.

Dukani ijaribu. Kaa kimya dakika 5, pima mara tatu ukipumzika dakika moja kila baada ya kipimo. Namba ya juu ikicheza kwa 3, 5, hata 8, hiyo ni hali ya mwili wa binadamu. Ikitoka 128, kisha 151, kisha 119 wakati umekaa vilevile, rudisha. Isipokuwa kioo kikionyesha alama ya mapigo yasiyo na mpangilio: hapo tatizo linaweza kuwa la moyo wako na si la mashine, nenda hospitali wakusikilize. Sikiliza pia upepo. Mashine inayopampu, inasita, inapampu tena na tena bila mtu kutikisika, ina bomba linalovuja au mkanda umelegea.

Kuhusu umeme. Nyingi hutumia betri 4 ndogo za AA. Zile za bei rahisi za redio hazina nguvu ya kuzungusha pampu kwa muda mrefu. Baada ya vipimo vichache alama ya betri inawaka, na mwenye mashine anadhani imekufa. Nunua za alkali, au adapta ya kampuni hiyo hiyo kwa wenye umeme wa uhakika. Kwa wakazi wa Shangani, Mikindani, Lindi mjini na Kilwa Masoko kuna adui mwingine, hewa ya bahari: vile vyuma vya kushikia betri huota ukungu wa kijani. Toa betri kama mashine haitatumika wiki kadhaa, vifute kwa kitambaa kikavu, na usiiache dirishani. Mkanda haufuliwi. Ufute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha uanikwe kivulini. Sehemu ya kunatia ikijaa nyuzi za khanga, zitoe kwa mswaki mkavu, la sivyo mkanda utafunguka katikati ya kipimo na kioo kitaandika E na namba. Alama hiyo mara nyingi ni mkanda kulegea, bomba kutoka au mtu kutikisika na kuongea, wala si uharibifu.

Namna ya kutumia, kwani mashine nzuri mikononi mwa mwenye haraka haina faida. Nusu saa kabla ya kupima pasiwe na kahawa, sigara, ugoro wala kazi nzito. Nenda haja ndogo kwanza, maana kibofu kilichojaa kinapandisha namba. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu miwili ikanyage chini, usiikunje nne. Anayekaa mkekani aegemee ukuta na auweke mkono juu ya mto uliopangwa hadi usawa wa moyo. Mkono ukiachwa ukining'inia pembeni namba ya juu hupanda kwa 6 hivi. Funga mkanda kwenye ngozi na si juu ya shati, ukingo wa chini uwe vidole viwili juu ya kiwiko, bomba lipite upande wa ndani, na vidole viwili viweze kupenya kati ya mkanda na ngozi. Usizungumze. Mazungumzo peke yake yanaweza kuongeza 10, na hili ndilo kosa linalofanyika zaidi, kwa kuwa mashine ikitolewa nyumba nzima inakusanyika na kila mtu ana la kusema.

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, kisha endelea na wenye namba kubwa. Tofauti ya zaidi ya 10 inayojirudia mwambie daktari.

Pima siku 7 mfululizo: asubuhi mara mbili kabla ya dawa na kabla ya chai, jioni mara mbili. Andika yote daftarini, hata usiyoipenda. Siku ya kwanza itupe, kwani ndiyo ya wasiwasi. Zinabaki 24: jumlisha namba za juu, gawanya kwa 24, fanya hivyo kwa za chini. Wastani wa 135/85 au zaidi kwa vipimo vya nyumbani ni presha ya juu. Ile 140/90 inayozungumzwa ni ya hospitalini. Daftari hilo lipeleke hospitali ya Ligula, ya Sokoine pale Lindi, ya Ndanda, ya Nyangao au kituo chochote cha karibu. Linamsaidia daktari kuliko kipimo kimoja kilichochukuliwa mara tu mgonjwa aliposhuka kwenye bodaboda. Beba na mashine yenyewe, ilinganishwe na ya kliniki angalau mara moja kwa mwaka.

Kipimo kikisoma 180/120 au zaidi, tulia dakika 5 urudie. Kikiwa vilevile, muone mhudumu wa afya siku hiyo hiyo. Kikiambatana na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kwenda upande, mkono au mguu kufa ganzi, maneno kupotea au macho kufifia, usirudie chochote, nenda hospitali.

Matumizi mabaya tunayoyalalamikia zaidi ni haya: mgonjwa anaona 124, anasema amepona, anaacha vidonge. Ile 124 imeletwa na vidonge. Lingine ni jirani aliyepima mara moja, akasoma 150, akagawiwa nusu ya dawa za mwenzake.

Mashine hii ina kazi nyingine ambayo maelekezo ya boksini hayaisemi: inaonyesha jiko linafanya nini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kijiko kimoja cha chai kisicho na kilima. Chukua pakiti ya gramu 500. Kwa nyumba ya watu wazima watano, ni ya siku 20. Ikiisha kwa siku 10, kila mmoja anakula maradufu, na hapo ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, haijahesabiwa. Ng'onda mloweke kwenye maji kwa saa kadhaa, mwaga maji, mchemshe na kuyamwaga tena, kisha mtie kwenye nazi bila kuongeza chumvi. Ondoa kopo la chumvi mezani. Baada ya wiki nne rudia zile siku 7 na ulinganishe wastani. Mwenye presha kwa kawaida ataona 4 au 5 zimeshuka, na kila kilo ya uzito inayopungua huelekea kushusha 1 hivi. Msimu wa mabibo fanya hesabu hiyo hiyo kwa uraka na nipa, pombe za mabibo: wiki ya kunywa kila jioni na wiki ya kuacha, namba zitajieleza. Anayekunywa sana kila siku asikate ghafla bila kumuona daktari.

Baadhi ya maduka huuza mashine ya presha pamoja na ya sukari kama seti. Nunua seti ikiwa tu umeshauliza bei ya vipimo vyake vya karatasi, maana hapo ndipo pesa inapokwendea. Vipimo hivyo havivumilii joto la zaidi ya nyuzi 30 wala unyevu, kwa hiyo kichupa kifungwe mara tu unapochomoa kimoja, na kisiachwe kwenye gari wala chini ya bati. Nawa mikono kwa sabuni na kausha kabla ya kutoboa kidole. Tone la maji ya embe au bibo lililokauka kwenye ngozi linatosha kumfanya mzima aonekane ana kisukari. Vipukusi pekee haviondoi sukari hiyo vizuri.

Programu za simu zinazodai kupima presha kwa kubonyeza kidole juu ya kamera, usizilipie.