Prosesa ipi ununue ili kompyuta yako ya Unguja ifanye kazi za BOINC

BOINC ni programu inayoazima nguvu za kompyuta yako kupigia hesabu za wanasayansi. Kompyuta ya kazi hiyo hainunuliwi kama ya gemu. Ya gemu hupata kupumzika. Hii prosesa yake hukimbia asilimia 100 usiku na mchana, na joto la kaskazi halikupi nafasi ya kuipoza. Kwa hiyo nazipanga prosesa kwa kazi zinazotoa kwa kila yuniti ya umeme, si kwa gigahezi zilizoandikwa kwenye boksi. Mashine inayovuta wati 100 bila kuzimwa hula yuniti 2.4 kwa siku, 72 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kabla ya kuuliza bei Darajani.

Wengi tulianza na mradi wa SETI@home wa kusaka ishara za viumbe wa anga za mbali, uliofunguliwa 1999 na kuacha kugawa kazi Machi 2020. Rosetta@home ya protini na Einstein@Home ya kusaka nyota za pulsa bado zipo. Mimi kilichonivuta ni malariacontrol.net, iliyotumia kompyuta za watu wa kujitolea kupigia hesabu za kuenea kwa malaria. Maradhi yetu wenyewe yale.

Ya kwanza kwangu ni Ryzen 7 5700X. Ina kori (viini vya kufanyia kazi) 8 na nyuzi 16, maana yake kazi 16 kwa mpigo. Imeandikwa wati 65, lakini ikibanwa kazi huvuta hadi 76. Ingia kwenye baiosi, ile programu ya bodi inayowasha mashine, uishushe kwenye daraja la wati 45, ambapo kikomo chake ni karibu wati 61: kasi hupungua kidogo, joto hupungua sana. Inakaa kwenye soketi ya AM4, ila bodi za zamani kama B450 zinataka baiosi isasishwe kwanza. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme. Umeme ukikatika katikati, bodi inaweza kufa hapo hapo.

Ya pili ni Ryzen 5 5600, kori 6 na nyuzi 12. Mwenye memori ya GB 8 aichukue hii, kwa sababu kila kazi inataka fungu lake la memori, na nyuzi 16 kwenye GB 8 nyingine zitakaa bure zikingojea. Zote mbili, hii na 5700X, haziwezi kutoa picha kwenye kioo zenyewe, lazima uwe na kadi ya picha. Huna? Nunua 5700G.

Ya tatu ni Core i7-8700 ya Intel, kizazi cha nane, kwa wenye zile kompyuta za maofisini zinazokuja zimetumika. Kori 6, nyuzi 12, wati 65. Hapa nilipoteza pesa zangu. Bodi yangu ilikuwa ya kizazi cha sita, na muuzaji akanihakikishia: "Shekhe, pini ni 1151 zote, itakubali." Prosesa iliingia vizuri, kifuniko kikafunga, feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Pini ni idadi moja kweli, lakini bodi za kizazi cha sita na cha saba haziitambui ya nane. Fungua ubavu wa mashine, soma jina la bodi, ulipige picha, nenda nalo dukani.

Mwenye bodi kama yangu achukue i7-6700, ndiyo ya nne. Ukihamia hiyo kutoka i5-6500, kori zinabaki 4, ila nyuzi zinakuwa 8.

Ryzen 9 5950X naiweka mwisho ingawa ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kori 16 na nyuzi 32. Huvuta hadi wati 142, na chumba kisicho na eyakondisheni hakiiwezi. FX-8350 usiiguse hata kwa bei ya kutupa: wati 125 kwa prosesa ya 2012.

Laptopu nyingi za sasa prosesa imechomelewa kwenye bodi, haibadilishiki.

Unapofunga prosesa mpya, nunua na pesti yake, ile inayopitisha joto kutoka prosesa kwenda kwenye mapezi ya kupozea. Nilipofungua mashine yangu niliikuta ya zamani imekauka, inabanduka kwa ukucha kama chokaa ya ukutani, na mapezi ya kupozea yameziba vumbi lenye unyevu wa bahari. Nilisafisha kwa brashi ya rangi na spiriti, nikapaka pesti mpya, joto likashuka kutoka digrii 91 hadi 72 kabla sijabadilisha kitu kingine. Kaskazi ikiingia, kwenye BOINC weka itumie asilimia 75 tu ya prosesa.