Filta ya maji ya kunywa kwa nyumba za Nyanda za Juu Kusini: ipi ununue kwanza

Mvua zikichanganya, mito ya huku hushuka na tope, na maduka ya Mwanjelwa, jijini Mbeya, hujaa watu wanaouliza filta. Mara nyingi muuzaji huanza na mashine ya bei kubwa kuliko zote, ile ya RO, inayosukuma maji kwa presha kupitia utando wenye vitundu vidogo mno. Kwa nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe, mimi ningeiweka mwisho.

Kabla ya kutoa pesa, jua maji yako yana shida gani. Maji yetu mengi hutoka kwenye mito na chemchemi za milimani, na kinachotusumbua zaidi ni tope na vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. RO ilitengenezwa hasa kuondoa chumvi na madini, kama ile floraidi inayosumbua watu wa Arusha na Kilimanjaro.

Muuzaji akitumbukiza kipimo cha TDS kwenye glasi yako, kumbuka kinapima madini yaliyoyeyuka tu. Maji yenye kipindupindu yanaweza kusoma namba ndogo kabisa. Kuna na onyesho la vyuma viwili vyenye umeme, ambapo maji ya bomba hugeuka kahawia na ya RO hubaki meupe. Ule ukahawia ni kutu ya vile vyuma vyenyewe. Maji ya bomba yana madini yanayopitisha umeme, ya RO karibu hayana, basi. Usinunue kwa kuogopeshwa namna hiyo.

Ya kwanza: filta ya udongo mweupe. Ni ndoo mbili, ya juu ina kigae chenye umbo la mshumaa, ya chini ina koki. Haitaki umeme wala presha ya bomba. Vitundu vya kigae kizuri havifiki mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo bakteria na amiba hubaki juu. Virusi ni vidogo mno, vinapita, na hapo ndipo dawa inapohitajika.

Kinachowashinda wengi ni utunzaji. Maji yakianza kudondoka polepole, kigae kimeziba tope: kisugue kwa brashi laini na maji safi, bila sabuni. Yakianza kushuka kwa kasi isiyo ya kawaida, hapo ndipo pa kuogopa. Angalia kwanza nati na mpira wake chini ya ndoo. Kama vimekaza, lowanisha kigae, kizamishe ndani ya maji, puliza kwa mdomo kupitia shingo yake. Viputo vikitoka mfululizo mahali pamoja, pana ufa, nunua kingine siku hiyo hiyo. Ukishamaliza jaribio, chemsha maji uoshee ile shingo.

Ya pili: dawa ya klorini, ya vidonge au ya maji, kama WaterGuard. Ni rahisi, inaua virusi, na inaendelea kulinda maji ndani ya ndoo. Fuata kipimo cha pakiti na usubiri angalau nusu saa. Maji yakiwa ya baridi sana, kama ya asubuhi za Juni na Julai, subiri zaidi. Kwenye maji ya tope dawa huliwa na uchafu, kwa hiyo chuja kwanza. Filta ya udongo pamoja na dawa hii ndiyo jozi ninayoishauri kwa kila mwenye watoto wadogo.

Ya tatu: taa ya mionzi ya UV. Inaua vizuri, lakini inataka maji maangavu na umeme wa uhakika, na balbu yake hubadilishwa karibu kila mwaka hata kama bado inawaka. Vile vichujio vidogo vya kaboni vya kufunga kwenye koki huondoa harufu na ladha ya klorini. Usivitegemee kwa vijidudu.

Ya mwisho: RO. Utando wake unataka presha ya kama baa 3. Simtanki juu ya mnara wa mita 3 linatoa baa 0.3 tu, kwa hiyo utalazimika kununua na pampu. Mashine hizi hupimwa kwa maji ya nyuzi 25. Kila nyuzi inayopungua hupunguza maji kwa kama asilimia 3, na wakati wa kipupwe wengi huita fundi wakidhani mashine imekufa, kumbe ni baridi. Tena mashine za kawaida humwaga lita 3 au zaidi kwa kila lita moja ya kunywa. Inunue kama kisima chako kirefu kina maji ya chumvi. 

Asiye na uwezo wa kununua chochote leo, achemshe. Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, na joto hilo linatosha: yakitokota kwa nguvu, hesabu dakika moja. Ukiwa Makete au Kitulo, juu ya mita 2,000, hesabu dakika tatu.

Dukani, usilipe kabla hujaona kigae cha akiba kinachouzwa peke yake. Filta isiyo na vipuri mjini kwenu, iache hapo hapo.