MRI kwa aliyepoteza uwezo wa kunusa: naipa nyota nne

Nilianguka ngazini, kisogo kikagonga ukingo wa zege. Hospitali ya kwanza walinipiga CT (picha za eksirei za kichwa zinazounganishwa na kompyuta), wakaona fuvu halijapasuka wala damu haijavuja, nikaruhusiwa kwenda nyumbani. Kwa hilo siwalaumu. CT ni ya haraka, na siku ile ilitakiwa kuhakikisha sina damu kichwani. Wiki ya pili sufuria iliungua nikiwa nimesimama palepale jikoni. Mwanangu ndiye aliyekuja mbio: "Mama, moshi!" Mimi nilidhani ni mvuke.

Niliporudi kueleza, walinionyesha picha ileile ya CT, wakasema ni safi, labda ni mawazo tu. Neno hilo liliniuma kuliko kisogo.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo niliyempata baadaye hakuanza na mashine. Alichungulia pua kwa kamera nyembamba, kisha akanipa kalamu 16 zenye harufu, moja baada ya nyingine, kila moja nichague jina lake kati ya manne. Nilipata tano. Anayebahatisha tu hupata kama nne. Ndipo akaniandikia MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, na kwenye fomu akaongeza maneno ambayo kila mwenye tatizo hili ayaombe: vipande vyembamba vya sehemu ya kunusa. MRI ya kawaida ya kichwa mara nyingi hukata picha kwa vipande vya milimita 4 au 5, na balbu za kunusa zenyewe, yaani vile vivimbe viwili vidogo chini ya ubongo vinavyopokea taarifa za harufu kutoka puani, zina unene wa milimita chache tu. Ni rahisi mno kupitwa.

Chumba cha kipimo sina la kulalamikia. Mhudumu aliniuliza mara mbili kama nina chuma chochote mwilini, akanipa vizibo vya masikio, maana mashine inagonga kama mafundi bati watatu kwa pamoja. Kila awamu ilipokwisha alinisemesha: "Bado dakika nne, dada. Jitahidi usimeze mate." Sauti yake ndiyo iliyonituliza. Na MRI haitumii mionzi kama ya eksirei, jambo lililonipa moyo kwa kuwa nitarudia.

Kilichonigusa zaidi kilikuja baadaye, daktari aliponiita mbele ya skrini. Chini ya ubongo wa mbele, juu tu ya paa la pua, aliweka mshale kwenye nukta ya upande wa kulia, ndiyo balbu yenyewe, mviringo, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Akausogeza kushoto. Pale nukta ilikuwa imesinyaa, imebaki kama uzi, na juu yake kuna baka jeupe: kovu la mchubuko. Nikamwambia mimi niligonga nyuma, mbona jeraha liko mbele? Akanieleza kwamba kichwa kikisimama ghafla, ubongo unaendelea kusogea. Nyuzi za neva za kunusa hupanda kutoka puani kupitia vitobo vya mfupa mwembamba ulio kama chujio, na ubongo ukivutwa, hukatika papo hapo. Nyuzi hizo ni nyembamba kiasi kwamba hata MRI haizionyeshi. Inaonyesha balbu iliyonywea, na michubuko. Nililia pale pale, si kwa huzuni. Nilikuwa nimeaminiwa.

Lakini picha haipimi harufu. Yupo mwenye balbu zinazoonekana nzima na bado hanusi kitu, kwa hiyo kipimo cha kalamu kitangulie. Wala picha haiwezi kukuahidi kupona. Wengine harufu hurudi, hasa ndani ya mwaka wa kwanza, wengine hairudi. Mimi nanusa chupa nne asubuhi na jioni: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, mazoezi ya kunusa ambayo mtafiti wa Ujerumani Thomas Hummel na wenzake waliyachapisha mwaka 2009. Nyumbani nimefunga king'ora cha moshi.

Nyota moja nimeibana kwa sababu ya ripoti. Ilikaa siku sita mezani kwa mtu kabla sijaitwa, na ukurasa mzima hauna sentensi moja ambayo mgonjwa angeielewa. Diski yenye picha walinipa baada tu ya kuiomba, nami nimeihifadhi kabatini pamoja na matokeo ya kalamu. Miezi sita ijayo daktari ataweka picha mpya kando ya hii, tuangalie ile nukta ya kulia.