Nilikwenda Kariakoo kununua filta za droni, nikauziwa namba

Droni ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu kuna kijana mmoja anauza vifaa vya kamera Kariakoo ambaye nina hakika mpaka leo hajakubali. Ni DJI Mini 2, nimeinunua kwa hela ya kupiga video za harusi na send-off, usajili wa TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, una jina langu, na anayeirusha ni mimi. Hakuna kaka aliyenituma.

Haya, tuje kwenye bidhaa.

Nilikuwa na kazi ya harusi ya ufukweni Kigamboni, msimu wa kaskazi, jua la kutoboa. Tundu la lenzi ya Mini 2 halifunguki wala halifungiki, limekaa f/2.8 maisha yake yote. Saa saba mchana juu ya mchanga mweupe, hata ukishusha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, mpaka 100, shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, inakimbilia 1/3200 ya sekunde hivi. Kwa picha za mnato hakuna neno. Video ndiyo inayoumia. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde unataka shata ikae karibu na 1/50, ili kila fremu ibebe ukungu kidogo wa mwendo. Ukungu huo ukikosekana, minazi inatikisika kwa kushtukashtuka na shela ya bibi harusi inapepea vipande vipande, na mteja hata kama hajui shata ni nini atakwambia tu, "Mbona video inakatakata?"

Kwa hiyo unaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, ndiyo filta ya ND. Namba yake inakwambia kinapitisha mwanga kiasi gani: ND8 inapitisha moja ya nane, ND16 moja ya kumi na sita, ND32 moja ya thelathini na mbili. ND32 inaitoa ile 1/3200 mpaka 1/100, na hapo mimi naishi vizuri tu. ND64 ingenifikisha 1/50 kabisa lakini sikuikuta. Hesabu ni hiyo, haina uchawi, na nilikuwa nayo kichwani nilipoingia dukani. Naisema kwa sababu ya kilichofuata.

Nikamwambia kijana nataka ND32 ya Mini 2, na kama ipo polaraiza, filta inayoua mng'aro wa maji, nayo nitaichukua. Akaniangalia, akamwangalia mwenzake, akasema, "Dada, ungempigia huyo kaka uhakikishe ni Mini gani, maana mkishanunua haturudishi." Nikamwambia hakuna kaka. Akacheka. "Basi shemeji." Nilikuwa na haraka, nikameza. Akaleta kiboksi chenye filta nne: ND8, ND16, ND32 na polaraiza. Nikaomba nifungue nijaribu, droni ninayo begini. Akasema ukifungua umenunua. Nikaomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, bei ikapanda papo hapo, kana kwamba risiti nayo ni kifaa cha droni. Nikalipa kwa lipa namba kusudi nibaki na ushahidi kwenye simu, nikaondoka.

Nikienda kwa haki, kwanza nilizipenda. Fremu zake nyepesi, na kwenye Mini hilo ni jambo kubwa. Gimbali ya droni ndogo, yaani kishikio chenye mota kinachoituliza kamera, imepimwa kubeba kamera yake tu. Ukiitundikia kioo kizito mota zake zinahangaika, programu inaanza kulalamika kwamba mota ya gimbali imeelemewa, na video inatetemeka. Hizi zilikaa vizuri, gimbali ikajipanga bila kelele. Kidokezo cha bure: filta ivalishwe droni ikiwa imezimwa. Ukiivalisha imewashwa unashindana nguvu na gimbali, na gimbali ni bei.

Siku ya harusi nikavalisha ile iliyoandikwa ND32. Nikarusha. Nikatazama shata: imegoma kushuka chini ya 1/400. Nikadhani wingu limepita, nikatazama juu, wingu gani? Mbingu tupu. Nikabadilisha, nikaweka ND16. Hiyo ikashusha mwanga kama inavyopaswa, nusu ya roho ikarudi. Jioni nafungua kazi kwenye kompyuta, gauni la bibi harusi limekuwa rangi ya chai ya maziwa. Si gauni tu. Mchanga, mashuka ya meza, meno ya watu. Kioo kizuri cha ND kinapunguza rangi zote kwa usawa. Hiki kilikuwa kinapunguza kinachotaka. Mizani ya nyeupe, mpangilio wa kamera unaofanya nyeupe ibaki nyeupe, nilikuwa nimeifunga kwa mkono kama ninavyofanya siku zote, kwa hiyo rangi ile haikutoka kwangu. Nikahangaika kurekebisha usiku kucha, nikirudisha gauni jeupe bahari inageuka kijani cha ajabu. Mteja ni mtu mstaarabu, hakusema kitu. Mama yake alisema.

Ndipo nikaamua kupima. Mtu yeyote mwenye droni anaweza kufanya hivi na haichukui hata muda wa kuchemsha chai. Iweke droni mezani, ielekee ukuta mweupe unaopigwa jua lisilobadilika. Funga ISO kwenye 100. Bila filta, zungusha shata mpaka kipimo cha mwanga kwenye programu kisome sifuri. Kwangu kilisoma sifuri kwenye 1/1600. Zima, valisha filta, washa, zungusha tena mpaka sifuri. ND8 ya kweli itaangukia 1/200, ND16 itaangukia 1/100, ND32 itaangukia 1/50. Ya kwangu iliyoandikwa ND8 ilikaa 1/200, safi. ND16 ikakaa 1/100, na uchafu wake wa rangi. Iliyoandikwa ND32 ikakaa 1/200.

Yaani walichukua kioo kilekile cha ND8 wakakiandika majina mawili. Mtu alikaa mahali, akachapa 32 juu ya 8, akalala usingizi.

Nikarudi dukani. Kijana yuleyule. Nikamweleza kwa upole, wallahi kwa upole, kwamba filta hii si ND32. Hakuigusa. Akasema, na hapa nayanukuu maneno yake kwa sababu sijayasahau: "Mwambie mwenye droni aje mwenyewe, tuongee kiufundi."

Tuongee kiufundi!

Nikatoa droni. Nikaiweka juu ya kaunta yake ya vioo, kati ya vikava vya simu na chaja. Ng'ambo ya barabara kuna ukuta uliopakwa chokaa na jua lilikuwa linaupiga vizuri kabisa, Mungu si Athumani. Nikafanya jaribio lote pale, bila filta, na ND8, na hiyo wanayoiita 32, huku nikisoma namba kwa sauti. Wamachinga wa nje wakaacha biashara wakaja kuangalia. Mmoja muuza soksi alishaelewa kabla sijamaliza, akasema, "Si zinafanana hizo?" Muuza soksi! Kijana wa dukani akasema programu yangu inadanganya, filta haipimwi kwa simu. Nikamuuliza inapimwa kwa nini. Akasema, "Dada, wewe unatufungia biashara."

Mpaka hapo hukumu yangu ilikuwa nyota moja, na hiyo moja kwa ajili ya muuza soksi.

Akatoka mzee nyuma ya duka, mwenye mali. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akavuta kiti nikae. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Akashika filta mbili akaziinua kwenye mwanga, moja jicho hili, moja jicho lile, akatikisa kichwa. "Binti yangu, mzigo huu tunaletewa tumeshafungiwa, hata sisi tunauziwa." Hela hakurudisha, kibao kipo ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, sijui nani aliwaambia kibao kinafuta haki ya mtu aliyeuziwa kitu ambacho sicho. Nikataja FCC, Tume ya Ushindani, kidogo, kistaarabu. Akanipa seti ya propela za akiba bila malipo, akaniomba radhi kwa mdomo wake. Sikutegemea radhi. Nilivyoshuka zile ngazi nilikuwa nimeshaipandisha hadi nyota tatu.

Nimefika mlangoni, kijana ananiita. Nikageuka nikidhani na yeye anaomba msamaha.

"Dada, umwambie kaka hizo propela ni za Mini 2, asije akazifunga kwenye nyingine."

Nyota moja.

Na tukizungumzia hizo propela. Anayeijua Mini anajua kwamba mikono miwili ya droni ina alama na miwili haina, na propela ziko hivyohivyo, zenye alama zinakwenda kwenye mikono yenye alama, kwa sababu mota zinazunguka pande tofauti. Ukikosea droni hainyanyuki, inapinduka palepale chini. Nimefungua pakiti nyumbani: zote hazina alama. Zote! Nusu ya zawadi haiwezi kuruka. Sitaki kumsema vibaya yule mzee, huenda naye kaletewa zimefungwa. Lakini duka moja linawezaje kuwa na filta zinazofanana zinazopaswa kutofautiana, na propela zisizo na wenzake?

Sasa nifike kwenye kitu kinachoniudhi kuliko vyote: ile polaraiza ni nzuri. Ni nzuri kweli. Ningependa iwe mbovu nimalizane nao. Siku nyingine nilikwenda Kigamboni asubuhi maji yakiwa yanatoka, nikaizungusha polaraiza droni ikiwa mkononi, nikiitazama bahari kwa pembeni ya jua, mpaka ule mng'aro juu ya maji ukafa kwenye kioo cha simu. Hapo ndipo unapoiacha, maana ikishapaa huwezi kuigusa tena. Nikarusha na kuiweka droni upande uleule, jua likiwa begani. Jamani. Mchanga wa chini unaonekana, nyasi za bahari zinaonekana, miamba yote, ngalawa imesimama na kivuli chake kiko chini yake kwenye mchanga wa baharini. Rangi safi, haina ule wekundu wa ile ND16. Ukiigeuza droni kona nzima mng'aro unarudi, ndivyo polaraiza ilivyo, kwa hiyo unapanga mstari wako wa kuruka kabla. Anga nayo upande mmoja inaiva bluu kuliko mwingine, basi ielekeze kamera chini. Video hiyo imeniletea kazi ya hoteli moja, kwa hiyo kwa hesabu kali ile boksi imeshajilipa.

Kwa hiyo ukiniuliza ninunue au nisinunue, nakwambia nunua polaraiza. Hapana, ngoja. Haiuzwi peke yake, inauzwa pamoja na zile ND tatu. Basi usinunue. Au nunua kama muuzaji atakubali uweke droni mezani upime kabla ya kulipa. Akikataa, wewe toka, hata kama ana uso wa malaika. Na tazama gauni, yaani piga picha ya karatasi nyeupe kwa kila filta, uone kama inabaki nyeupe.

Vifaa vingine nitavipita haraka. Vikinga propela: ndani ya ukumbi sawa, ufukweni vinakamata upepo na kula betri, mimi vyangu anachezea mtoto wa dada. Miguu ya kurefusha: sijaona faida, mchanga unafika tu. Memori kadi: iwe V30, ile alama ya kasi ya kurekodi video, na ijaze yote kwa video siku ya kwanza kabla hujaiamini na harusi ya mtu, kwa sababu kadi bandia inakubali kurekodi vizuri mpaka ifike ukubwa wake wa kweli, halafu hapo inakula kila kitu. Mkeka wa kurushia, ule wa duara wa kukunja, ndiyo kitu pekee ambacho sina ugomvi nacho: mchanga haupandi kwenye mota wala kwenye gimbali. Ila upigilie vijiti vyake, upepo wa propela unaubeba. Nao nimenunua Kariakoo hukohuko, mtaa wa pili, kwa mama mmoja ambaye aliniuliza swali moja tu: "Unarushia kwenye mchanga au kwenye nyasi?"